Mrisho Katikati ya Wimbo

Majengo, Dodoma

Kaka Zablon,

Shikamoo. Huku mvua zimegoma na uwele umesinyaa. Mama anakula, ila kidogo, na anakuulizia.

Wiki iliyopita maafisa walichoma kanda zote ambazo mzee Mrisho alinakili bila ruhusa. Nilidhani nitafurahi. Unakumbuka baba alivyokuwa akimfuata sokoni na fimbo, akimfokea kwa kuuza nyimbo zake? Lakini kanda zetu halisi zililiwa na mchwa, kaka. Sauti ya baba haikubaki kwingine. Nikamwomba afisa aniachie moja tu. Akatazama pembeni, nikaifunga kwenye khanga.

Ni ule wimbo wa zeze. Katikati yake Mrisho anaingia akinadi duka: "Kwa Mrisho, Majengo, karibuni." Mwanangu Erica alisema anaweza kumfuta kwa kompyuta. Mama akakataa. Baba alipokuwa akiusikia kwa majirani, alisonya kila ulipofika hapo. Sasa mama anasonya kwa niaba yake, halafu anakitazama kiti cha baba.

Njoo mapema, kaka. Siku hizi msonyo wake hausikiki mpaka umsogelee.

Mdogo wako,
Penina