Goti Nililopiga Mbele ya Doli

Jumanne. Joto la Mpanda limenikaba tangu asubuhi, na moyo nao umechafuka. Nimefaulu mtihani, lakini raha sina.

Kwa asiyejua: chuoni kwetu mwanafunzi wa shahada ya uuguzi hagusi mgonjwa wodini mpaka kwanza aokoe doli. Ni doli kubwa la plastiki, mama aliyetoka kujifungua. Madam, mwalimu wetu, akibonyeza kitufe, linavuja maji mekundu. Kando ya kitanda mwanafunzi mmoja anaigiza mama wa mgonjwa, na kamera inarekodi kila kitu.

Jana ilikuwa zamu yangu. Aliyeigiza mama alikuwa Mama Veneranda, nesi wa miaka mingi aliyerudi darasani kutafuta digrii. Ndiye aliyenipokea nilipofika mjini. Naishi kwake Ilembo, na huniita mwanangu.

Nikaingia, nikamkuta mtu mzima amekaa. Sisi tuliolelewa Mpimbwe hatumpiti mtu mzima hivi hivi. Nikapiga goti, nikamwamkia. Akaitika, akauliza habari za nyumbani kama Madam alivyomwagiza, na mimi nikazijibu zote: za wazazi, za mvua, za mpunga. Nilipoinuka, mgonjwa alikuwa ameshakata roho.

Ameuawa na salamu!

Madam akairudisha video tena na tena mbele ya darasa zima. "Mtazameni mwenzenu. Huyu anatibu au anasali?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha akaniamuru nimtangazie Mama Veneranda, kama mama wa mgonjwa, kifo cha mwanawe, na nilipoanza kulia akaniambia niongeze sauti, waliokaa nyuma hawasikii. Namchukia yule mwanamke. Naandika bila aibu.

Leo nimerudia. Mama Veneranda akainuka kunipokea, mikono mbele, "Karibu mwanangu..." Nikamwambia, "Pisha!" Nikampiga kikumbo. Akayumba, kiwiko kikagonga ukingo wa meza, akakaa chini. Sikugeuka. Nikaita msaada, nikakanda tumbo la doli, nikachoma sindano, damu ikakata.

Madam akapiga makofi. "Sasa huyu ni nesi. Nyie wengine mmeona?"

Na niseme ukweli, maana hapa simdanganyi mtu: kile kikumbo kilikuwa kitamu. Nilikuwa namsukuma Madam, nawasukuma wote waliocheka. Ila aliyeanguka ni yule pekee ambaye jana hakucheka.

Ningeweza kumwamkia huku mikono ikifanya kazi. Mdomo haukandi tumbo. Hakuna aliyenifundisha hivyo, lakini mimi nami sikutaka kufikiri. Nilitaka kumkomoa mtu, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Jioni nimemkuta uani anachambua mchele, kiwiko kimevimba. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Nikapiga goti, nikamwamkia.

"Marahaba, nesi," akasema, akanisogezea kigoda.

Nimekaa. Tumechambua mchele pamoja mpaka ukaisha, na yale maneno yangu hayakutoka.

Utamwombaje msamaha mtu aliyekujibu vizuri namna hiyo?