Kwa Dresa Cephas Owiti, Aliyesubirishwa Karatasi

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu lori la pamba likulete nyumbani Mbita ukiwa umefunikwa blanketi la serikali. Gari la serikali lenyewe lilikuwa na kazi nyingine. Sisi tu wazima. Mama ameacha kulia akipika, lakini hasira yetu haijapoa, na hatuoni sababu ya kukuficha hilo.

Ulikuwa dresa, msaidizi wa daktari, wa mahabusu kule Homa Bay, na kazi yako ilikuwa ile iliyokimbiwa na wakubwa. Mtu akishaitwa mwenda wazimu alitupwa chumba cha mwisho, achunguzwe siku kumi na nne kabla hakimu hajatia sahihi. Kuchunguzwa, eti! Daktari alikuja mara moja, akasimama mlangoni na leso puani, akauliza maswali matatu, akarudi kwenye chai yake. Siku nyingine kumi na tatu zilikuwa zako.

Uliingia na kitana mfukoni. Ulikaa sakafuni, ukamuuliza mtu jina lake na jina la mama yake, ukamchana nywele taratibu, ndipo ukampa uji. Wengine waliumwa kweli, na hao uliwakalia zaidi. Watu wa kanisani walikuita Dresa wa Wazimu, nasi wakatuita watoto wa wazimu. Ulicheka tu. "Wacha waseme," ulituambia. "Wagonjwa wangu hawajui kusengenya."

Kisha akaletwa Fanuel wa Ndhiwa. Baba yake, mzee wa heshima, alikuwa amefariki, na Fanuel akafanya tero buru kama mwana yeyote wa Kijaluo: akajifunga majani kichwani, akashika mkuki, akawatoa ng'ombe mbio pamoja na jamaa zake, wakipiga kelele kukifukuza kifo kitoke bomani. Afisa mpya wa tarafa, mgeni asiyejua hata salamu yetu, akatokea na Landrova. Fanuel hakusimama. Alilirukia lile gari mkuki juu, machozi yakimtiririka. Afisa akapiga mayowe kuwashinda waombolezaji, na kwa aibu ya mayowe hayo Fanuel akatiwa pingu.

Ulikuwepo daktari alipomhoji, na ulituigizia mara nyingi mezani, ukiziba pua kwa leso.

"Wewe ulikuwa unafukuza nani na mkuki?"

"Kifo, bwana."

"Umeiona hiyo kifo?"

"Si ilikuwa pale kwetu! Imechukua baba."

Daktari akaandika: anaona kifo kwa macho yake, anakishambulia kwa silaha, ni wa hatari. Msomi mzima huyo! Karatasi ile ikitiwa sahihi, Ijumaa Fanuel angepandishwa lori la Nairobi, la hospitali ya wenda wazimu. Wewe ulikuwa umewasindikiza wengi hadi kwenye lori hilo, na hukuwahi kumpokea hata mmoja akirudi.

Kwa hiyo uliandika katika daftari lako, siku zote kumi na nne, kwa ule mwandiko wako wa kulala: Amekula. Amelala. Ameuliza kama ng'ombe wamenyweshwa.

Mahakamani hakimu alikuuliza kama mtu huyu ana wazimu. Ukawanyooshea kidole askari wawili waliomleta. "Bwana hakimu, hawa ni Wajaluo. Uliza baba zao walipokufa walifanya nini."

Askari wakatazama viatu vyao. Mmoja akanong'ona, "Tulifukuza, bwana."

"Mlifukuza nini?" akauliza hakimu.

"Kifo."

"Basi wapande lori wote watatu," ulisema wewe, na mahakama ikaangua kicheko. Hata hakimu alijificha nyuma ya faili. Jioni hiyo Fanuel alikwenda kwao Ndhiwa kwa miguu, akiwa amechanwa nywele vizuri.

Afisa hakucheka. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amekuhamishia zahanati ndogo huko mbele ya Ntimaru, karibu na mpaka, kwa watu ambao hukujua lugha yao. Akadhani amekukomesha. Ulijifunza Kikuria kwa Gisiri, mlinzi wa zahanati, na barua yako ya kwanza kwa Mama, binti wa Rusinga, ilisema, "Nyar Rusinga, hapa watu ni wazuri na mbu ni wengi."

Mambo ya mwisho tuliyapata kwa Gisiri. Malaria ilikupanda kichwani. Ukazungumza na ukuta, ukamwita marehemu mama yako, ukamsukuma askari wa chifu aliyetaka kukushika. Wakakufunga kamba kwenye kitanda ulichokitandika mwenyewe asubuhi ile. Gisiri akapiga kelele: "Hii ni malaria! Yeye mwenyewe ndiye ametufundisha!" Wakamwambia yeye ni mlinzi, hajui dawa.

Gari la wagonjwa lilikuwa nje, limejaa mafuta. Lakini amri ya ofisi ilisema lisibebe mwenda wazimu bila karatasi ya afisa, na safari hii karatasi ilikuwa ya yule yule afisa wetu, aliyekuwa amepandishwa cheo kwa sababu asizozijua mtu. Alikuwa mkutanoni. Walikuwa wanajadili, siku tatu mfululizo na chakula cha mchana, namna ya kuwahudumia vizuri wagonjwa wa akili. Siku ya tatu ukafariki. Gari bado lilikuwa na mafuta.

Gisiri alikata kamba ili usifike nyumbani nayo. Kitana chako alituletea mkononi.

Mazishini afisa alisoma hotuba dakika arobaini, akakuita Yosefu mara mbili. Alikuwa bado anasoma Fanuel alipotokea na fahali na mkuki, miguu imejaa vumbi la Ndhiwa. Wazee wa kanisa wakaguna kwamba Mkristo hafanyiwi tero buru. Mama akawaambia, "Mwacheni. Huyu anajua anafukuza nini." Fanuel akakimbia akilia, nasi sote tukamfuata tukipiga kelele. Afisa alijitupa ndani ya Landrova akapandisha kioo. Ulikosa kuuona ule uso nyuma ya kioo, Baba, na hilo linatuuma, maana ungeuiga vizuri.

Wiki mbili baada ya kukuzika, karatasi ikafika kwa tarishi. Muhuri upo, sahihi ipo. Inasema mgonjwa Cephas Owiti ameruhusiwa kusafirishwa, na kwamba achunguzwe siku kumi na nne.

Mama alitaka kuichoma. Tulimzuia, kwa sababu nyuma yake palikuwa patupu, na hapo ndipo tumeliandika tangazo hili. Ni huduma ya kwanza ambayo karatasi hiyo imempa mtu.

Tunaokukumbuka: mkeo Rael, nyar Rusinga, wanao Dishon na Filister, Gisiri, ambaye sasa ni ndugu yetu, na Fanuel, atakayekuja kwenye ukumbusho wako Jumamosi na mkuki wake. Ofisi imealikwa, ikipata karatasi. Tumekula, Baba. Tumelala. Tumeuliza habari zako, na tutaziuliza siku zote za maisha yetu.