Pale Nyayo Zinapopinda

Jumatatu, 3 Februari

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Sala na amani zimfikie Mtume wake na jamaa zake. Amani pia kwa mkono utakaozifungua kurasa hizi nikiwa sipo.

Alfajiri msikitini. Safu moja, haikujaa. Kisha darsa la watoto. Kijijini kwetu Mzenga kukavu, mikorosho imejaa vumbi.

Binti yangu Zuhura amekwenda tena kugeuza matofali yake ya udongo. Atajenga kwenye uwanja mtupu ulio kati ya shamba langu na kisima. Ni mjane, amechoka kulala chumba cha nyuma kwa baba yake. Uwanja ni wangu, nimempa kwa moyo mweupe. Msingi Jumamosi, kabla masika hayajayeyusha matofali.

Bi Neema, mtafiti anayeishi Kibaha, amekusanya vile vifaa vidogo alivyotugawia mwezi uliopita tuvivae shingoni. Vinaandika kila mtu anapopita. Anataka kujua sisi wa pembezoni mwa Dar es Salaam tunavyokwenda visimani, mashambani na sokoni. Elimu njema.

Jumatano, 5 Februari

Bi Neema ameleta ramani. Ameitandika juu ya mkeka barazani kwangu. Mwendo wa kila mtu ni uzi mwembamba. Nyuzi zote pamoja zinafanana na mizizi ya mti uliong'olewa. Niliuona msikiti. Nilikiona kisima. Kisha niliuona uwanja wa Zuhura, nikainama karibu zaidi.

Mweupe. Hapana uzi hata mmoja. Nyuzi zinatoka kisimani zimenyooka, zinafika pale, zinapinda, zinazunguka, zinaendelea. Wangu pia. Wala pale hapana mti, wala shimo, wala jiwe. Ni nyasi fupi. Mwenye haraka angepita katikati.

Bi Neema alidhani vifaa vina kasoro, akavipima upya. Havina. Akanionyesha pengo la pili, kwenye njia itokayo kwangu kwenda msikitini. Dogo sana. Upana wa mkeka wa mtu mmoja.

Dereva wa bodaboda, mgeni kutoka Kahama, aliinama kuutafuta uzi wake. Ulikuwa umepinda kama zetu. Akacheka. "Maalim, mimi sijui. Pikipiki yenyewe ndiyo inayokata kona." Halafu hakucheka tena.

Alhamisi, 6 Februari

Baada ya Adhuhuri nimetoka kisimani peke yangu, nimenuia kupita katikati ya uwanja. Nilikaza macho kwenye paa la nyumba yangu. Nikatembea, ulimi ukimtaja Mola. Nilipozinduka nilikuwa ng'ambo, na nyasi za uwanja ziko kushoto kwangu, hazijakanyagwa. Nilikuwa nimezunguka. Sikumbuki kugeuka.

Naogopa. Nimefundisha umri wangu wote kwamba wa kuogopwa ni Mungu peke yake. Naogopa hata hivyo.

Nimemwomba Zuhura asubiri. Amekasirika. Amesema mvua haimsubiri mtu. Kisha: "Baba, wewe ndiye uliyetukataza habari za mizimu. Leo karatasi ya Neema imekutia mizimu?"



Ijumaa, 7 Februari

Baada ya swala nimekwenda kwa shangazi yangu, Bi Mwanaidi. Ndiye mkubwa wetu sote hapa. Macho yamekwisha, akili timamu. Nilimweleza habari ya uwanja. Alipapasa ukindu aliokuwa akisuka.

Alisema mama yake alikuwa akimvuta mkono pale kila walipotoka kisimani. Hakupewa sababu. Aliambiwa tu: wapishe. Naye akawavuta wanawe, wanawe wakawavuta wana wao. Nami nilivutwa. Leo nimeukumbuka mkono wa mama yangu, ulivyokuwa na unyevu wa mtungi.

Basi njia ilichongwa na mama zetu, na wageni wanaifuata. Moyo ulitulia kidogo.

Nikamuuliza lile pengo dogo, la njia ya msikitini. 

"Hapo? Hapo hapajazikwa mtu, mwanangu."

Sikuwa nimetaja kaburi.

Jumamosi, 8 Februari

Zuhura hakusubiri. Fundi alikuja mapema. Zuhura alimtangulia uwanjani, akikanyaga kwa ukaidi.

Shimo lilipofika magotini, udongo ulibadilika rangi, ukaporomoka upande mmoja. Nimezika watu wengi. Niliujua mwanandani, shimo la ndani la kaburi, kabla fundi hajatupa jembe. Umeelekea Kibla. Mfupi. Mtu mzima asingeenea. Kando yake mwingine, mfupi vilevile.

Zuhura aliketi palepale kwenye udongo. Naye amezika mmoja, mdogo, kabla ya mumewe. Hakulia kwa sauti.

Tumefukia. Nimewaombea dua. Majina hakuna ayajuaye.

Jumanne, 11 Februari

Nimemkatia Zuhura sehemu ya shamba langu la mihogo, karibu na nyumba. Majirani wamehamisha matofali. Msingi umeanza.

Bi Neema ameandika kwenye ramani: Makaburi ya watoto. Siku barabara ikija kupita hapa, wenye kuichora nao wapishe. Akauliza lile pengo dogo aliandikeje. Nimemwambia aliache jeupe.

Ijumaa, 14 Februari

Nimekwenda msikitini mapema, nikitazama miguu yangu. Ilipofika pale, ilipinda. Sikuizuia.

Nilisimama kando. Ardhi laini. Asubuhi kivuli cha mkorosho kinapafikia. Mtu akilazwa pale, ataelekea Kibla bila taabu. Elimu ya mambo hayo ni ya Mwenyezi Mungu. Mimi nimepatazama tu.

Wakati wa kurudi nilimwonyesha Zuhura.  Alinishika mkono, tukapazunguka pamoja, taratibu, kama watu wanaompisha mwenyeji.

Ewe utakayesoma, Mola akuhifadhi wewe na nyumba yako, wadogo wako na waliokutangulia, na siku yako ikifika akupe malazi yenye nafasi na jirani mwema. Amina.