Mwaka Una Jumapili Hamsini na Mbili

Kisondela, Tukuyu
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Nianze na wewe kwanza: kifua kimekuachia? Na goti je, unaweza kukunja ukasali umekaa chini, au bado ni kiti? Huku tuna mvua tu. Nguo nilizofua Alhamisi bado zina unyevu, na njia ya kwenda shuleni ni utelezi mtupu. Mimi ni mzima, na safari hii nikisema mzima usidhani nakufariji.

Nimeandika badala ya kupiga simu, na nimefanya makusudi. Simu ya nyumbani siku hizi inapokelewa na Baba Mkubwa, halafu wewe unahadithiwa kwa maneno yake. Kwa hiyo Mwajuma, mdogo wangu, kaa na Mama chumbani, msomee polepole na usiruke mahali, hata pale utakapoona namsema mtu mzima.

Najua mmekubaliana nirudi Kondoa. Baba Mkubwa aliniambia mwenyewe: "Rehema, hizo sindano za kila wiki ndizo zinakumaliza. Acha kazi, rudi, tutakutafutia dawa za kwetu." Nikamuuliza nani kamwambia kwamba naisha. Akasema hata mwalimu mkuu wangu analijua hilo. Ndipo nilipotambua kuwa wanaume wawili wanapigiana simu kuhusu mikono yangu, na mimi mwenye mikono sijaulizwa.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Unakumbuka daktari wa Mbeya aliniambia nina baridi yabisi, ile inayokula viungo, na akanianzishia sindano moja kila wiki. Zinakuja zimejazwa dawa tayari. Najichoma mwenyewe pajani kila Jumapili, na kila baada ya miezi mitatu naenda kliniki kuchukua boksi jingine. Ilinisaidia, Mama. Baada ya miezi michache niliweza kukamua nguo, kumenya ndizi, kuandika ubao mzima bila kupumzika.

Lakini kila nilipokaribia siku ya kliniki, mambo yaliharibika. Boksi lilikuwa linaisha kabla ya tarehe. Mara ya kwanza nilikaa wiki moja bila sindano. Mara mbili zilizofuata kliniki ikaangukia sikukuu, ikasogezwa, nikakaa wiki mbili. Vidole vilivimba hadi Bibi Sekela, mwenye nyumba wangu, akawa anakuja asubuhi kunifunga vifungo vya blauzi. "Ndaga, mwanangu," ananiambia, ndiyo pole ya huku, akiendelea kufunga. Siku moja chaki ilinidondoka mara tatu mbele ya darasa la nne. Watoto hawakucheka. Afadhali wangecheka.

Nikawaambia kliniki kwamba dawa inaniishia. Kijana wa dirisha la dawa akafungua kadi yangu akasema, bila hata kuniangalia, "Sindano kumi na mbili, miezi mitatu. Kama zimeisha mapema, moja umeipoteza. Au ulijichoma mara mbili ukasahau."

Na mimi, Mama, nikaomba radhi. Nikarudi Kisondela nikavuta kitanda, nikapekua sanduku, nikatafuta sindano ambayo haikuwahi kuwepo. Safari iliyofuata wakaandika kwenye faili langu kwamba sifuati masharti ya dawa. Daktari akaniambia hali ikiendelea hivyo atajua dawa hii haikunifaa, ataiondoa.

Wiki ile ile mwalimu mkuu akaniita ofisini. Akafunga mlango, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, andika mwenyewe barua ya kuomba kurudi kwenu kwa sababu za kiafya. Ukiandika wewe ni heshima. Nikiandika mimi ni jambo jingine." Nikamwomba muda.

Barua hiyo nilikuwa nimeshaianza. Nakuambia ukweli, nilikuwa nimefika kwenye "Yah:", pale pa kutaja barua inahusu nini.

Kesho yake nilikuwa na kipindi cha hisabati, mada ni vipimo vya wakati. Nikaandika ubaoni kama ninavyoandika kila mwaka: mwezi mmoja ni wiki nne. Mstari wa pili: mwaka mmoja ni miezi kumi na miwili. Wa tatu: mwaka mmoja ni wiki hamsini na mbili. Nikarudi nyuma kuangalia kama mistari imenyooka, kwa sababu mkono siku ile ulikuwa mzito. Nikasimama pale pale. Nne mara kumi na mbili ni arobaini na nane, Mama. Siyo hamsini na mbili. Miaka tisa nimewafundisha watoto wa watu mistari mitatu inayopingana, na sikuwahi kuisikia ikigombana.

Nikawapa zoezi, nikakaa. Kliniki wananipa sindano kumi na mbili wakihesabu mwezi kuwa wiki nne. Lakini tarehe ya kurudi wanaiandika kwa miezi ya kalenda, na miezi mitatu ya kalenda ina wiki kumi na tatu. Kila boksi lina upungufu wa Jumapili moja. Kwa mwaka ni Jumapili nne, na hapo hatujaweka sikukuu. Sikupoteza kitu wala sikusahau kitu.

Jioni nikaazima kalenda ya ukutani kwa Bibi Sekela, ile ya kanisa lao. Tukakaa jikoni, nikawa nataja tarehe za kliniki na yeye anaweka punje ya maharage juu ya kila Jumapili iliyo katikati. Tulihesabu mara mbili. Kumi na tatu. Bibi akaniangalia akasema, "Sasa wewe ulikuwa unaomba radhi ya nini?" Nilichukua ile karatasi ya "Yah:" nikaitia motoni, ikaivisha chai.

Siku ya kliniki nilibeba dumu la plastiki gumu ninalohifadhia sindano zilizotumika, maana huwa tunazirudisha zikateketezwe. Nikaliweka dirishani. Kijana akasema, "Toa hiyo hapa, mama." Nikamwambia, "Hesabu. Zinaonekana kwa nje." Akasema ana foleni. Nikasema na mimi niko kwenye hiyo foleni, na sitoki mpaka zihesabiwe. Nyuma yangu mzee mmoja akasema, "Mhesabie mwalimu, twende." Akahesabu kwa midomo. Kumi na mbili. Nikafungua kalenda, nikamwambia, "Sasa hesabu Jumapili." Alipofika kumi na tatu akarudia kuanzia mwanzo, halafu akaenda kumwita daktari.

Daktari hakunidanganya, na kwa hilo namheshimu. Alisema kukosa wiki moja peke yake huenda kusieleze maumivu yote. Lakini akasema vile vile, "Siwezi kuiita dawa hii imeshindwa wakati sikukupa inayotosha." Akavuta faili, akakata yale maneno ya kutofuata masharti, akaweka sahihi pembeni. Nilimwomba anisomee alichoandika badala yake. Akanisomea. Kisha akaandika sindano kumi na nne: kumi na tatu za wiki zangu, na moja ya akiba kama kliniki itasogezwa. Yule kijana aliniambia yupo mama mwingine, wa Kiwira, anayelalamika hivyo hivyo kila mara. Nikamwambia, "Basi mpigie simu leo." Alipiga nikiwa nimesimama pale pale.

Hayo yana miezi mitano sasa. Sijaruka Jumapili hata moja. Sikudanganyi kwamba nimepona. Asubuhi za baridi vidole bado ni vizito, na kidole cha kati cha kulia daktari anasema hakitanyooka tena. Lakini vifungo najifunga mwenyewe, na ubao naujaza.

Mwalimu mkuu nilimpelekea nakala ya barua ya daktari. Akaisoma, akauliza, "Na ile barua yako ya kuondoka?" Nikamwambia hakuna barua, na kwamba akitaka kujua habari za afya yangu aniulize mimi, namba ya Baba Mkubwa aifute. Alikohoa. Tangu siku hiyo tunasalimiana vizuri tu.

Kwa hiyo sirudi, Mama. Nakusikia unavyolia usiponiona, na hilo linanichoma kuliko sindano. Lakini sikusoma kwa jasho lako nije kukaa uani nikisubiri mtu aamue ninywe mizizi gani. Hii kazi ni yangu. Maumivu haya pia ni yangu, nayajua kuliko wote wanaoyazungumzia. Sindano siiachi, na siichomi wiki moja nikaacha nyingine ili boksi lifike mbali, kama alivyonishauri Baba Mkubwa nilipokataa kuziacha. Mwambie hivyo kwa heshima zote, lakini mwambie.

Nisalimie Baba Mkubwa huyo huyo. Ni baba yangu na simchukii. Nisalimie mkewe, ambaye najua anacheka kimoyomoyo akisikia haya. Shangazi wa Kolo apewe shikamoo mbili, moja ya deni. Majirani wanaoniombea waambie dua zao nimezipokea, waendelee. Mwajuma, asante kwa macho yako. Soma kwa bidii, na ukiambiwa jambo kuhusu wewe, lihesabu upya mwenyewe.

Mama, shule zikifungwa usinisubiri mimi, njoo wewe. Panda basi la Mbeya, ukishuka utanikuta. Lete begi zito upendavyo, lete na unga na kunde. Nitalibeba mimi.

Mwanao,
Rehema