Walisema Wamesikia

Korogwe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Dada aliniambia umeanza tena kwenda mwenyewe kwenye migomba, nikafurahi. Mimi mwili mzima, ila moyo umechafuka. Usinikemee nikiandika kwa hasira.

Ule mradi wa kupeleka maji ya bomba kijiji kimoja upande wa Kwedizinga umenionyesha mambo. Kiongozi wetu ni Injinia Gerald, ambaye pia ndiye hutufundisha semina za kuishi na watu kazini. Hutuchorea mishale ubaoni: sikiliza, heshimu, shirikisha. Sasa sikia alichofanya.

Tulifika kwenye mkutano wa kijiji na matope viatuni. Wazee walikuwa wameshakaa. Hakutoa shikamoo hata moja, na wengine pale ni umri wa babu yake. Mama mmoja, Mama Mwanaidi, akatuletea ndoo ya maji na kata ili tunawe. Maji hayo wanayafuata lambo la mbali kwa miguu, ndiyo maana tumeitwa. Injinia akaichukua ndoo akaoshea buti zake. Ndoo nzima, Mama! Nilipatwa na kinyaa mpaka mate yakanijaa mdomoni.

Kisha akawaambia mtaro utakata katikati ya mashamba yao, na mahindi yameshabeba. Akauliza, "Tumeelewana?" Wazee wakatazamana. Mmoja akajibu, "Tumesikia, mheshimiwa." Injinia akapiga makofi, akatangaza kijiji kimekubali.

Mimi nilimfuata Mama Mwanaidi pembeni nikamuuliza kama kweli wamekubali.

"Tumesikia, mwanangu," akasema. "Kukubali bado. Mgeni hatumbishii mbele za watu. Tutakaa wenyewe, halafu tutamwambia asubiri tuvune."

Nilimweleza Injinia njiani tukirudi. Akanijibu, "Wewe umeajiriwa kupima mabomba, siyo kutafsiri wazee."

Kesho yake akapeleka kijiko, lile tingatinga la kuchimba. Likalaza mahindi ya watu mpaka akina mama walipokaa chini mbele yake na kugoma kuinuka. Badala ya kuomba radhi, Injinia akarudi ofisini kusema wanakijiji ni wakorofi, wamekataa maji, mabomba yapelekwe kwingine. Akatutaka wote tuseme hivyo hivyo mkurugenzi akija kutoka Dar.

Mkurugenzi akaja, akauliza. Wenzangu, watu wenye digrii zao, wakainama kutazama simu. Walinichefua kuliko hata yeye. Nikasimama nikasema, "Walisema wamesikia, hawakusema wamekubali. Wanaomba wavune kwanza." Injinia akacheka, eti hayo ni maneno tu. Mkurugenzi akampigia simu mwenyekiti wa kijiji, wakaongea palepale. Alipomaliza akasema mabomba yabaki, tungoje mavuno, na mahindi yaliyolazwa yalipwe. Mama, nilitamani kulia kwa furaha.

Furaha haikufika jioni. Niliitwa nikaambiwa mkataba wangu ukiisha mwezi huu hautaongezwa. Injinia amenitathmini, akasema kupima najua, lakini sina stadi za kushirikiana na watu. Na atakayerudi kijijini kuzungumza na wale wazee ni yeye yule, kwa kuwa ndiye mwenye uzoefu wa jamii. Nilitoka nje nikatema mate.

Basi nitafunga mizigo nirudi Tukuyu. Tusifikirie sana ya kesho, kazi nitatafuta nyingine. Maji wale watapata, hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Nisalimie Kaka Ambokile, fundi wetu wa baiskeli, na shangazi Sekela wa sokoni, mwambie mchele wa Mombo nitamletea. Babu mpe shikamoo yake kwa mikono miwili.

Na majirani wakikuuliza kwa nini nimerudi, usiwafiche. Waambie binti uliyemlea wewe amefukuzwa kazi kwa kutojua kuishi na watu.

Mwanao,
Atupele