Shamba Nililolifagia

Mjukuu wangu Saada, mke mwenzangu,

Salamu nyingi huko Dodoma. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama yako, binti niliyemzaa mimi, hana mpinzani kwa jembe hapa Miteja, ila mwaka huu mahindi yalidumaa tena.

Unauliza shamba letu limechokaje. Nilipoolewa, hakuna mwanamke aliyenishinda kwa shamba safi. Kabla ya mvua nilichoma mabua na majani yote, kisha nikafagia kama uwanja wa nyumba. Watu walikuja kutazama! Mama mkwe wangu tu ndiye aliyeguna: "We mwali, umeuvua udongo nguo."

"Wivu huo, mama," nikamjibu, wenzangu wakacheka.

Mvua ya kwanza ikaubeba udongo mweusi mpaka bondeni. Niliona kwa macho yangu. Mwaka uliofuata nikachoma tena, maana nilipenda kusifiwa.

Juzi nilimkuta mama yako shambani na kiberiti, mabua ameyarundika. Nikamwambia, "Mwanangu, yaache yaoze hapo hapo."

Akacheka. "Mama, si wewe uliyenifundisha?"

Akawasha, na majirani wakamsifu.

Nakuandikia wewe kwa kuwa wewe bado sijakufundisha kulima.

Bibi yako