Ijumaa za Nyumbu wa Paa la Bati

Jumatatu, 3 Februari 2014

Mimi nina bahati mpaka naiogopa. Wallahi. Watu wamekaa Dubai hii miaka nenda miaka rudi, kazi kupakia na kupakua, wanazeeka na makontena. Mimi Bakari wa Likoni, darasa la saba na nusu, niko kwenye bendi ya Kimarekani. Hivi ninavyoandika nimekaa juu ya matairi ya lori, ghalani Jebel Ali. Msimamizi kaenda chai. Vidole vinacheza vyenyewe juu ya paja.

Ilivyokuwa ni hivi. Wade ni Mmarekani wa Tennessee, fundi wa kreni, ndevu mpaka kifuani. Siku moja alipita chini ya kambi yetu akanisikia napiga gitaa la besi dirishani. Akasimama. Akasema wewe, njoo. Basi. Wengine wanaitafuta bahati kwa waganga, mimi inanipigia honi barabarani.

Tuko wanne. Wade gitaa. Mimi besi, na nimewapigia watalii hoteli za Mombasa wakati hawa wengine wananyonya. Joyce ngoma. Mganda, keshia wa supamaketi Deira, alijifunzia kanisani Kampala, anapiga kama ngoma imemtukania mama yake. Na Kiprono anaimba. Mtu wa Bomet, mlinzi wa geti letu hapa ghalani. Kambi yao na yetu zinatazamana.

Muziki wenyewe ni roki ya Kimarekani ya mashambani, ile yenye vumbi. Mtu kaachwa na mke, kaachwa na treni, analia na gitaa. Huko kwao Kiprono wazee wanaamka nayo redioni. Jina la bendi katoa Wade. Kwa Kiswahili ni Nyumbu wa Paa la Bati. Kwa Kiingereza pia halina maana.

Ijumaa, 7 Februari

Nimesali Ijumaa msikiti wa Al Muraqqabat, nikatoka mbio viatu mkononi. Hoteli tunayopiga kila Ijumaa iko mtaa wa nyuma. Ijumaa mchana watu wa hapa hawali, wanashindana. Sahani kama vichuguu. Wanakunywa pia. Mimi napiga besi, sinywi, na Mungu ananijua vizuri kuliko imamu.

Kiprono leo kaimba, sijui niseme nini. Mzee mmoja wa Kimarekani aliweka uma chini akajifunika uso kwa kitambaa cha meza. Na huyu Kiprono akiongea humsikii, utadhani anaomba radhi kwa hewa anayovuta. Akiimba, wewe ndiye unayeishiwa hewa.

Kitu kimoja kinanikera. Kampuni yake ya ulinzi haitaki mtu awe na kazi ya pili. Wakijua, viza inafutwa, anarudi Bomet. Mimi arbab wangu, bosi wa ghala, anajua, alicheka akasema usinisinzilie kazini tu. Wa Joyce anajua. Kiprono peke yake anaimba roho mkononi. Hata meneja wa hoteli anajua. Tulimwambia wenyewe siku ya kwanza, kwa uungwana wetu, ili asimweke kwenye picha za tangazo.

Uungwana! Wajinga sisi.

Jumapili, 9 Februari

Meneja katuita. Suti, manukato, meno. Anasema wageni wanalalamika. Bango la nje linasema bendi kutoka Marekani. Wanaingia, wanamkuta Mmarekani mmoja yuko pembeni na gitaa, na mbele kasimama mlinzi.

"Sauti nzuri sana," kasema. "Uso ndio haulingani na bango."

Nikamwambia badilisha bango, sir. Akanitazama kama meza ndiyo imesema.

Mpango wake huu hapa. Wade asimame mbele, afungue na kufunga mdomo. Kiprono akae stoo ya jikoni, nyuma ya jukwaa, na maikrofoni yake, aimbe humo humo. Mimi na Joyce tubaki, kofia tuzishushe. Eti Waafrika wa kupiga vyombo Marekani wapo.

Nikamngoja Wade. Nikasema huyu sasa ataruka, Mmarekani, atamshika mtu shati. Wade kaangalia viatu vyake. Kasema labda kwa muda tu.

Na Kiprono?

"Ni sawa, sir."

Ni sawa! Ningekuwa na kiatu cha tatu ningemtupia. Meneja nimemkasirikia, Wade nimemkasirikia zaidi, lakini Kiprono ndiye amenichoma. Mtu unamwambia utaimba stoo kama panya, anajibu ni sawa na sir juu yake.

Jumatatu, 10 Februari

Nimepita getini bila kumsalimia Kiprono. Ghalani nimeiangusha katoni ya glasi makusudi. Hata moja haikuvunjika. Nimezidi kukasirika.

Jumatano, 12 Februari

Mazoezi Al Jaddaf, kwenye karakana ya seremala anayejuana na Wade. Mazoezi ya nini? Ya Wade kufungua mdomo. Mtu mzima na ndevu zake anajifunza kupasua mdomo huku mwenzake anaimba nyuma ya mbao. Anachelewa. Wimbo umeisha, yeye bado anafunga.

Joyce kasema, "Banange, anatafuna ubani."

Nikamvaa Wade kwa Kiingereza changu kilichovunjika. Nikamwambia wewe ukisema hapana meneja atakusikia. Sisi tukisema hapana anatafuta wengine. Hapana yako ina uzito, kwa nini umeimeza? Akasema tangu ujana wake anataka kusimama mbele. Kwao aliimba kila baa na hakuna aliyegeuza shingo. Macho yakamlenga machozi. Nikamwonea huruma, na ile huruma ikanitia hasira mpya. Nilikuwa nimejipanga kumchukia vizuri.

Basi nikamgeukia Kiprono. Mbele ya wote. Nikamwambia, "Nenda kakae na magunia yako ya vitunguu, uviimbie. Labda safari hii vitalia vyenyewe."

Joyce akacheka. Kiprono hakucheka.

"Wacha, Bakari. Ni kazi tu."

Nikamwambia si kazi hiyo, ni kujizika na kushikilia jembe mwenyewe. Kurudi Jebel Ali tulipanda metro moja, mabehewa tofauti.

Ijumaa, 14 Februari

Niandike kabla sijalala.

Siku ya wapendanao. Hoteli imejaa, maputo mekundu mpaka chooni. Wade kavaa kofia kubwa ya wachunga ng'ombe. Wimbo wa kwanza umekwenda. Wade anafumbua mdomo, sauti ya Kiprono inatoka, watu wanapiga makofi. Na Wade akainama kuwashukuru. Akainama! Nusura nimpige na besi kisogoni.

Mlango wa stoo ulikuwa wazi kidogo. Nilikuwa naona kiatu cheusi cha Kiprono, kile cha kazini, kimekanyaga gunia.

Wimbo wa pili, ule wa polepole. Ubeti wa kwanza Kiingereza safi. Tukaingia wa pili. Wade kapanua mdomo, mkono kifuani, macho kafumba kwa mahaba. Kikatoka Kiswahili.

Kiswahili! Cha Bomet, kimenyooka kama rula:

Mama, niko hapa na vitunguu,
niko gizani na vitunguu,
huyo mnayempigia makofi
hajui hata nasema nini.

Wade angefanya nini? Mdomo ulishafunguka. Akaendelea. Mmarekani wa Tennessee na kofia yake anawaambia watu yuko gizani na vitunguu. Msichana wa Kakamega aliyebeba sinia la kamba wa kukaanga akakaa chini sakafuni, sinia mapajani, analia kwa kicheko. Wapishi wakatoka jikoni. Kuna mmoja Mtanzania, jitu la miraba minne, akaanza kuitikia: "Vitunguu! Vitunguu!" Wahudumu wote wakamfuata. Wageni wakadhani ndiyo shoo yenyewe, nao wakaitikia, hawajui wanaitikia nini. Mimi besi ilinishinda, nimeikumbatia nacheka. Joyce hakuacha. Joyce aliongeza mwendo.

Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yule mjinga pale stoo.

Meneja hakucheka. Aliingia stoo, sauti ikakatika katikati ya neno. Wade akabaki na mdomo wazi, kimya, mbele ya watu wote. Kisha tukaambiwa tutokee mlango wa taka. Tulitoka tukicheka.

Jumamosi, 15 Februari

Meneja kapiga simu kampuni ya Kiprono. Asubuhi hii. Wamemvua beji pale pale getini, mbele ya madereva wa malori.

Hakuwa na haja. Alishatufukuza, khalas, tumekwenda. Angetosheka na hapo. Lakini alikaa, akatafuta namba, akapiga. Siri tuliyompa kwa mkono wetu ndiyo aliyoitumia.

Namchukia. Naandika tena nione kama itapungua. Namchukia.

Haijapungua.

Na mimi je? Vitunguu ni vyangu. Mimi ndiye niliyemtia ndimu, na mdomo wangu huu unaojua kila kitu. Angekaa stoo akaimba Kiingereza chake, leo angekuwa getini anafungua na kufunga. Mimi nilitaka ajione mwanamume. Mimi ambaye arbab wangu ananichekea.

Wade kazima simu. Mwanamume wa ndevu.

Jumanne, 18 Februari

Baada ya kazi nilikwenda ofisi ya kampuni ya Kiprono. Shati la kupiga pasi. Nikamwambia karani kosa ni langu, mimi ndiye niliyemvuta, wakitaka wamwandikie barua kafeel wangu, mdhamini wa viza, waniadhibu mimi.

"Wewe nani yake?"

Kaka yake, nikasema. Akasoma kitambulisho changu, akasoma faili la Kiprono. Kijana wa watu hata tabasamu hakuficha.

"Rudi kazini, kaka yake."

Narudi, namkuta Wade ananingoja nje ya kambi. Kasema kaenda kwa meneja kumtaka aipigie kampuni aseme alikosea. Meneja kamwambia imepita hiyo. Wade analia, ndevu zimelowa. Nikamwambia Ijumaa mdomo ulikuwa nao, mpana, kila mtu kauona. Jumapili ile ulikuwa wapi? Akasema bendi basi, hawezi tena kulishika lile gitaa. Nikamwambia ni sawa, Nyumbu wamekufa, nenda nyumbani.

Halafu nikamnunulia chai. Nikamngoja mpaka akaimaliza. Hata kumchukia mtu kwa ukamilifu siwezi. Nakasirika na hilo pia.

Alhamisi, 20 Februari

Kiprono kaondoka mchana. Gari la kampuni lilimfuata kambini. Niliomba ruhusa ghalani, nikakataliwa, nikaenda hivyo hivyo.

Wakaniruhusu kumbebea begi hadi kwenye gari. Nilikuwa nimejiandalia maneno marefu ya kuomba msamaha, nimeyapanga usiku kucha. Akaniwahi.

"Bakari, uliona yule dem wa kamba vile alikaa chini?"

Akacheka. Kicheko kikubwa, cha sauti ile ya kuimbia. Sikujua kuwa anacho. Nikacheka na mimi, huku nalia, dereva anapiga honi, yalla, yalla.

Nikamwambia nisamehe vile vitunguu.

"Hiyo ndiyo ngoma poa nimewahi kuimba. Yangu mwenyewe, si ya redio. Nisikusamehe nini?"

Nikamuuliza nyumbani utawaambia nini. Akasema atawaambia aliimba, wakitaka wasiamini. Kisha akaniambia nisiache besi. Mlango wa gari ukafungwa. Hakutoa kichwa dirishani. Si mtu wa kutoa kichwa.

Mtu mwenye sauti ile, karudishwa kama katoni yenye anwani mbaya. Kwa sababu ya bango.

Ijumaa, 21 Februari

Nimesali. Nimetoka taratibu, viatu miguuni.

Nilipita mtaa wa nyuma ya hoteli. Kuna mtu anapiga kinanda humo ndani, peke yake, nyimbo za lifti. Sikuingia. Nilisimama kidogo upande wa pili wa barabara, nikaondoka.

Joyce kapiga simu kutoka kazini, foleni ya wateja ikimlalamikia. Akaniuliza kama nimekula, kisha akasema haya, ssebo, niuze biskuti.

Nimerudi Jebel Ali. Nimefuta nyuzi za besi kwa kitambaa. Getini kuna mlinzi mpya, Mnepali, mpole. Nimemsalimia, akanisalimia. Joto bado halijaanza. Kambi imetulia, watu wanafua.

Wade hakunisikia mimi dirishani. Alisimama getini siku hiyo akamsikia Kiprono anaimba peke yake, akamtaka yeye. Kiprono akamwambia kuna rafiki yangu anapiga besi, bila yeye siji. Wade akanichukua hajanisikia hata noti moja. Mimi nilikuwa chumbani nimelala. Nimelijua hilo tangu siku ya kwanza, nikaandika mengine, na humu hakuna anayesoma ila mimi.

Bahati sina. Niliongopa.